Muulize Kocha: Nani Hapa Anasoma Ninachotaka Kusoma?

Binti wa kaka yangu alinipigia simu juzi usiku akiwa amejifungia chumbani ili baba yake asisikie. Amebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari hapa Marekani, anacheza kikapu vizuri kuliko nilivyocheza mimi umri huo, na makocha wa vyuo vitatu wameshamwambia wanamtaka. Kaka yangu ameshachagua: kile ambacho mechi zake huonyeshwa kwenye televisheni. Mtoto mwenyewe anataka kusoma uhandisi wa ujenzi. Nikamuuliza, huyo kocha wa kwenye televisheni umemwambia hivyo? "Nimemwambia, shangazi. Kasema nisijali, hilo tutaliangalia nikishafika."

Maneno hayo nayajua. Niliambiwa hivyo hivyo nikiwa na miaka 17, na yalinigharimu miaka miwili.

Mimi nilitaka uuguzi. Nikaenda chuo cha Divisheni ya Kwanza, daraja la juu kabisa la michezo ya vyuo, kwa ufadhili kamili, na chumba cha kubadilishia nguo chenye jina langu juu ya kabati. Wiki ya kwanza mshauri wa masomo wa timu akanifungulia ratiba: mazoezi saa nane mchana kila siku, maabara ya anatomia saa nane mchana. Mafunzo ya vitendo hospitalini, ambayo hakuna mwanafunzi wa uuguzi anayeyakwepa, yalianza alfajiri na kuisha jioni. Hakunikatalia. Alisema tu kwamba kwa sasa nianze na kozi ambayo wenzangu wengi wanaisoma, halafu tutaona. Tulikuwa wachezaji 14. Tisa kati yetu tulikaa darasa moja, safu moja, kama tulivyokaa kwenye basi.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yule mshauri. Nilipokuja kuzielewa sheria ndipo nilipoona kwamba mtego ule haukutegwa na mtu mmoja. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inamtaka mchezaji wa Divisheni ya Kwanza awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake anapoanza mwaka wa tatu, 60 anapoanza wa nne, na 80 anapoanza wa tano. Asilimia hizo ni za shahada uliyojiandikisha, si za masomo yoyote uliyofaulu. Sasa fikiria umeanza na kozi nyepesi, na mwisho wa mwaka wa pili unataka kuhamia uuguzi au uhandisi. Nusu ya ulichosoma hakihesabiki tena, asilimia yako inaporomoka, na hauruhusiwi kucheza. Timu nayo ina alama yake ya maendeleo ya masomo ya wachezaji, inaitwa APR: wastani wa miaka minne ukishuka chini ya 930 kati ya 1,000, timu inaweza kufungiwa mashindano ya mwisho wa msimu. Kwa hiyo kila mtu pale, hata mwenye roho nzuri, ana sababu ya kukusukuma kwenye masomo ambayo huwezi kufeli. Ukishafika na kuanza kuliangalia hilo jambo, mlango umeshafungwa nusu.

Ndiyo maana swali ninalomwambia kila binti anayenijia ni moja: nani kwenye timu hii, sasa hivi au miaka mitano iliyopita, alisoma ninachotaka kusoma, akacheza, akamaliza? Taja jina. Nipe namba yake nizungumze naye wewe kocha usipokuwepo.

Usikubali "ndiyo, inawezekana". Kila kitu kinawezekana. Kwenye tovuti ya timu, ukurasa wa kila mchezaji mara nyingi huandika anasoma nini. Rudi nyuma misimu mitano uhesabu mwenyewe. Ukikuta wachezaji kumi wanasoma kozi moja, na hiyo kozi si yako, umeshajibiwa kabla ya kuuliza. Ukimpata mchezaji wa kuongea naye, usimuulize kama anapenda chuo, maana atasema anapenda. Muulize maabara zake zilikuwa saa ngapi na msimu uliopita alikosa ngapi. Muulize mtihani uliogongana na safari aliufanyia wapi. Muulize nani aliingia akisoma sayansi na sasa anasoma kitu kingine.

Makocha watakuwekea mezani kiwango cha wahitimu. Kipokee, lakini jua kinavyopikwa: kipimo cha NCAA kinampa mchezaji miaka sita kumaliza, na aliyehama akiwa na alama nzuri huondolewa kwenye hesabu. Chuo nilichokikimbia mimi hakikupungukiwa hata nukta kwa sababu yangu. Halafu kipimo hicho hakisemi watu walihitimu katika nini. Wapo makocha waliolichukulia suala hili kwa uzito wake. Pat Summitt, aliyeshinda ubingwa wa taifa mara nane na chuo cha Tennessee, aliwataka wachezaji wake wakae safu tatu za mbele darasani, na kila aliyemaliza muda wake wote wa kucheza pale alipata shahada. Kwa hiyo usidanganywe kwamba mpira wa juu na vitabu haviivi chungu kimoja.

Kuhusu muda, utaambiwa kuna sheria ya saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, saa nne kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Ni kweli ipo. Ila mechi huhesabiwa saa tatu tu, hata kama umekuwa uwanjani tangu asubuhi. Safari haihesabiwi. Kukandwa goti kwa barafu hakuhesabiwi, wala muda wa kujisomea wa lazima ambao timu imekupangia. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwenye daftari kila saa iliyokwenda kwenye mpira kwa wiki moja ya mwezi wa pili. Zilifika 41.

Na kikapu kina ubaya wake ambao michezo mingine haina. Msimu unaanza mapema Novemba na unaweza kwenda hadi mwanzoni mwa Aprili, kwa hiyo unakula mihula yote miwili. Mchezaji wa soka anamaliza vuli na kupumua. Wewe mitihani ya Desemba inakukuta kwenye msimu, ya katikati ya muhula wa pili inakukuta kwenye mechi za mtoano, na likizo mko chuoni peke yenu, mabweni matupu, mkifanya mazoezi mara mbili kwa siku. Ukitaka kupanga masomo magumu, hakuna muhula mwepesi wa kuyaficha. Kilichobaki ni kiangazi. Uliza kama ufadhili wako unalipia masomo ya kiangazi, na upate jibu kwa maandishi.

Safari sasa zimekuwa jambo jingine kabisa. Tangu 2024 ligi ya Big Ten ina vyuo 18, kutoka Los Angeles hadi New Jersey. Stanford, iliyo California, inacheza ligi ya pwani ya Atlantiki. Chukua ramani. Mechi ya Alhamisi iliyo mbali saa tatu za majira inakula Jumatano, Alhamisi na Ijumaa yako, na profesa wa fizikia hana habari na wewe ulitua saa nane usiku. Kabla ya kusikia habari za viatu na jezi, omba ratiba ya ugenini ya msimu uliopita uhesabu siku za darasa zilizopotea. Ligi ndogo ambayo vyuo vyake vinafikika kwa basi na kurudi usiku uleule ina faida ambayo haionekani kwenye televisheni.

Hapa ndipo wazazi wanaponichosha. Wakisikia "Divisheni ya Tatu" wanasikia daraja la tatu la treni. Divisheni hizi hazipimi ubora wa elimu. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo hata senti moja, kweli, lakini inatoa misaada kwa alama za darasani na kwa hali ya kipato, na baadhi ya vyuo vigumu kabisa kuingia nchini humu viko huko. Vyuo vinane vya Ivy League, vile vikongwe kama Harvard, viko Divisheni ya Kwanza na navyo havitoi ufadhili wa michezo. Divisheni ya Pili mara nyingi hugawa ufadhili vipande vipande, mmoja robo, mwingine nusu. Nje ya NCAA kuna chama kingine cha vyuo, NAIA, na kuna NJCAA, chama cha vyuo vya miaka miwili. Weka mezani tarakimu ya mwisho, yaani ile familia itakayolipa kila mwaka baada ya kila kitu kutolewa, halafu linganisha. Neno "ufadhili" kwenye barua halilipi chochote.

Na kama ndoto ya mzazi ni ligi ya kulipwa: mwaka 2024 WNBA ilichagua wachezaji 36 kutoka dunia nzima. Divisheni ya Kwanza peke yake ina timu zaidi ya 340. Dada wawili wa ukoo wa Ogwumike, Nneka na Chiney, walichaguliwa namba moja kila mmoja kwa mwaka wake, na wote walipata shahada ya Stanford. Ukifuatwa na bahati kama yao, shahada haitakuzuia.

Ya sekondari nitayapitia haraka. Divisheni ya Kwanza inataka masomo 16 ya msingi, kumi yakiwa yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho, na wastani wa alama wa 2.3 kati ya 4. Tangu 2023 NCAA haidai tena mtihani wa SAT, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuudai. Lakini huo wastani wa 2.3 unakuruhusu kucheza tu. Kitivo cha uhandisi kina masharti yake, na kuna vyuo ambako kupokelewa chuoni si kupokelewa kitivoni. Mimi sikuliuliza hilo. Wewe uliza.

Kuhusu karatasi: ahadi ya mdomo haimfungi mtu, si kocha wala wewe. Ule mkataba wa zamani wa kujifunga na chuo ulifutwa Oktoba 2024. Sasa unachosaini ni makubaliano ya ufadhili, kwa hiyo soma ni ya mwaka mmoja au zaidi. Tangu Agosti 2024 vyuo vya Divisheni ya Kwanza haviruhusiwi kukunyang'anya ufadhili kwa sababu umeumia au umeshuka kiwango. Kwingine, ufadhili wa mwaka mmoja mmoja bado ni jambo la kawaida, na kutokuongezewa ni rahisi kuliko kufukuzwa. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, usisaini dili lolote la kulipwa kwa jina na picha yako mpaka mwanasheria wa uhamiaji alisome.

Watu wote watakuuliza lile swali la kila siku: ukivunjika goti kesho, bado ungependa kubaki hapa? Ni swali zuri, na wasichana hukatika kano ya goti kuliko wavulana, niliyekuwa nalala naye chumba kimoja ilimkuta. Lakini halitoshi. Wengi wetu hatukuvunjika chochote. Tulikuwa wazima, tunacheza, tunashangiliwa, na shahada tuliyoifuata inatuponyoka darasa moja baada ya jingine.

Nilihama baada ya mwaka wa pili, enzi zile ambazo bado unaomba ruhusa chuo chako kabla ya kuongea na kingine. Sasa kuna potali, orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama, unajiandikisha, na tangu 2024 unaweza kuhama tena na tena na kucheza moja kwa moja mradi masomo yako yako sawa. Vijana wanalichukulia hilo kama kubadilisha viti kwenye daladala. Mimi masomo manne hayakukubaliwa nilikokwenda, na yule mwalimu wa uuguzi alinitazama kama mwanafunzi mpya, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa. Ilikuwa timu ya Divisheni ya Pili, ufadhili nusu, mabasi badala ya ndege. Wachezaji wawili walikuwa wanasoma uuguzi tayari. Wiki za mafunzo ya hospitali kocha alihamishia mazoezi saa kumi na mbili asubuhi mara mbili, na siku nyingine tulikosa, basi. Nilikosa kiasi cha kupoteza nafasi yangu kwenye tano za kwanza, na niseme ukweli, iliniuma sana. Nililia kwenye gari nikiwa na sare ya hospitali. Kusawazisha vitu hivi viwili hakumaanishi kwamba vyote vinakaa sawa. Kuna msimu kimoja kinapungua, na ni vizuri uwe na kocha anayejua hilo kabla yako.

Nilimwambia mpwa wangu awaandikie makocha wote watatu ujumbe mmoja, wenye lile swali, na asiongeze kitu. Kocha wa chuo kidogo cha Divisheni ya Tatu alijibu ndani ya saa moja akitaja wachezaji wawili, na mmoja wao alimpigia mtoto jioni ile ile akitoka maabara, akamwambia msimu uliopita alikosa maabara tatu na alizifidia Jumapili. Wa pili alisema kwa uwazi kwamba kwake uhandisi haujawahi kufanyika. Nilimpenda kwa hilo.

Wa kwenye televisheni alituma picha ya jezi yenye jina la mtoto mgongoni. Kaka yangu ameiweka kwenye simu yake.