Barua kwa mwanangu: jibu la swali lako kuhusu utafiti

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza: wagonjwa wa figo wamejaa wodini na sisi mabingwa ni wa kuhesabika, sasa kwa nini mama natumia Alhamisi nzima kwenye utafiti badala ya kuwatibu? Swali zuri, hasa likitoka kwa daktari aliyekesha zamu.

Tazama hesabu unayoifanya kila siku hapo wodini. Unapima kreatinini kwenye damu, ile taka ya misuli inayolundikana figo zikichoka, unaweka umri na jinsia, fomula inakupa kasi ya figo kuchuja. Fomula ya mwaka 2009 ilitungwa zaidi kwa takwimu za watu wa Marekani na Ulaya, na ukiwa mtu mweusi jibu lako lilizidishwa kwa 1.159, kwa hoja kwamba weusi wana misuli mingi. Misuli ipi, mwanangu? Ya mama anayekula mlo mmoja kwa siku? Kizidisho hicho kiliondolewa mwaka 2021, lakini kreatinini bado hutoka kwenye misuli, na aliyekonda huwa nayo kidogo hata figo zikiwa taabani.

Kuna mvuvi alikuja kliniki miguu imevimba, ukibonyeza ugoko kidole kinaacha shimo, mkojo wake una povu. Mikono imekwisha, imebaki mifupa. Kreatinini yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Tulipopima sistatini C, protini nyingine ya damu inayoonyesha kazi ya figo, ambayo haitegemei sana misuli, tukakuta figo zimebaki na chini ya nusu ya uwezo wake.

Je, wako wangapi kama yeye? Hilo huwezi kulijibu ukiwa umekaa kliniki tu. Wenzetu wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini walilifanyia kazi: waliwadunga watu dawa iitwayo ioheksoli, kisha wakawatoa damu kwa saa kadhaa waone figo zinaiondoa kwa kasi gani. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Fomula za kreatinini zinazipa figo zetu sifa zisizo nazo, na huenda wenye figo dhaifu ni mara mbili hadi tatu ya idadi iliyodhaniwa. Maana yake wapo wanaoambiwa wako salama, wanarudi nyumbani na kuendelea kumeza diklofenaki ya duka la dawa, dawa ya maumivu inayoumiza figo. Wanarudi kwetu wakiwa wa kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, saa nne kila kipindi, mara tatu kwa wiki, na ndugu wameanza kuuza shamba.

Na dawa ni hivyo hivyo. Jaribio la dapagliflozini, dawa iliyoanza kama ya kisukari, la mwaka 2020, lenye washiriki 4,304, lilionyesha figo zinalindwa hata kwa wasio na kisukari, na likasimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi. Ninaiandika dawa hiyo kwa moyo mkunjufu. Lakini katika nchi 21 zilizoshiriki, hakuna hata moja ya Afrika. Linaniuma sana hili.

Kwa hiyo Alhamisi nawatibu wagonjwa wale wale, pamoja na wasiojua bado kuwa ni wagonjwa.

Wale wawili uliosema wana povu kwenye mkojo na kreatinini nzuri, usiwaruhusu kwanza. Wapime protini na albumini ya mkojo, uliza dawa zote wanazotumia, za hospitali na za mitishamba, kisha nipigie jioni.

Mama yako