Re: Vidonge vya thaimasi kwa mzee wangu

Mkuu, umeuliza kama vidonge vya thaimasi ya ndama vitamrudishia kinga mzee wako wa miaka 62, maana mafua hayamwachi. Mimi nisingetoa hela yangu.

Thaimasi ni tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Ndimo zinamokomaa seli T, askari wa kinga ya mwili; kazi ya tezi hii katika kinga aliigundua mwanasayansi Jacques Miller mwaka 1961. Baada ya balehe husinyaa, mafuta yakachukua nafasi yake, na hilo ni kwa kila mtu, wala si ugonjwa.

Kidonge chenyewe ni tezi ya ndama iliyokaushwa ikasagwa. Tumboni kinameng'enywa kama nyama yoyote ya buchani. Hakiendi kifuani kuotesha tezi mpya. Supu ya makongoro ni nafuu, tena ina ndimu!

Utapiamlo na upungufu wa zinki ndivyo huidhoofisha thaimasi, hivyo angalia sahani yake: dagaa, maharage, mbegu za maboga. Kisha akapime sukari, wingi wa damu na VVU. Kama anatumia prednisoloni au dawa nyingine ya kushusha kinga, asiguse vidonge hivyo vya thaimasi kabla ya kuongea na daktari wake.