Baada ya Upepo, Usikimbilie Panga

Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari, nami nyumbani kwangu Mbezi nikajiandaa kwa kuingiza viti ndani na kufunga madirisha. Miti sikuifikiria kabisa. Asubuhi nilikuta tawi kubwa la mwembe limelala juu ya ukuta, limeondoka na ukanda wa gome wenye urefu wa mtu mzima, na sisimizi wa majimoto wanapanda na kushuka kwenye shina lililobaki wazi kana kwamba nao wanakagua hasara. Mjohoro wa uani ulikuwa umeinama kuelekea banda la kuku.

Kosa langu lilikuja saa chache baadaye. Kijana mmoja alipita na panga, akashauri kwamba mwarobaini, ambao haukuwa umeumia hata kidogo, ukatwe kichwa ili usije ukatusumbua, nami kwa hofu nikakubali. Machipukizi yaliyoota pale juu yalirefuka upesi sana, lakini machipukizi ya namna hiyo hushikilia kwenye tabaka la nje la mti tu, hayakujikita ndani kama tawi lililokua taratibu, na upepo wa vuli ulipofika ukayachomoa moja baada ya jingine. Mti niliodhani nimeupunguzia hatari nilikuwa nimeuongezea.

Kwa hiyo siku hizi huanza kwa kutazama juu. Tawi lililogusa waya halisogelewi, hata kama mtaa mzima hauna umeme, kwa sababu umeme unaweza kurudi ghafla na mti mbichi uliolowa huupitisha. Hiyo ni kazi ya TANESCO. Tawi lililopinda na kubanwa nalo muachie mzoefu, maana likikatwa hufyatuka.

Tawi lililovunjika lakini bado linaning'inia hukatwa kwa msumeno, mara tatu. Kwanza likate kidogo kwa chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina; kisha kwa juu, mbele kidogo ya hapo, mpaka lianguke bila kuchuna gome; mwisho ondoa kigutu kilichobaki, ukiishia nje ya ule uvimbe unaolizunguka tawi pale linapotokea kwenye shina. Uvimbe huo usiuguse, kwa kuwa ndiko mti unakojengea kinga ya kuzuia uozo. Mtaalamu wa miti wa Marekani, Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya magogo ili kuona jeraha linavyokwenda ndani, alionyesha jambo hilo, na pia kwamba kupaka dawa ya kidonda hakuzuii kuoza. Rangi na oili chafu tunazopaka huku kwetu ziacheni gereji. Kwa mwembe vaa glavu, utomvu wake huunguza ngozi.

Mjohoro ulinipa somo jingine. Tulipouchimbua, upande wa ukutani hapakuwa na mizizi ya maana: fundi aliikata miaka miwili kabla, tulipochimba msingi wa ukuta, na mimi nilisimama pale nikimtazama. Katika mchanga wetu huu uliolowa mvua, mti uliokosa mizizi upande mmoja hauna cha kuuvuta usilalie upande wa pili. Mti mchanga, wenye unene wa kifundo cha mkono, unaweza kuinuliwa siku hiyohiyo, ukashindiliwa udongo na kufungwa kwenye nguzo kwa vipande vya mpira wa baiskeli, ambavyo havichubui gome. Mkubwa ulioinuka na mizizi yake usiusimamishe, hautashika tena. Wangu niliukata, baada ya kuuliza kwanza serikali ya mtaa.

Matawi mazito ya mwembe sasa huyapunguza Februari, maembe yakiwa yamekwisha na masika hayajaingia, wala sizidishi robo ya matawi kwa mwaka. Lile jeraha la shina sikulipaka kitu. Nilisawazisha tu kingo za gome lililochanika kwa kisu kikali. Kingo hizo zimevimba na kuanza kusogeleana, ingawa katikati mti bado uko wazi, na majimoto hawajahama.