Nzi weupe wasiokwisha kwenye poinsetia

SWALI: Nikigusa poinsetia yangu (ua lenye majani mekundu juu), vidudu vidogo vyeupe huruka. Nimepuliza dawa mara mbili, wamerudi. Nakosea wapi?

JIBU: Hao ni nzi weupe. Ulichoua ni wale wanaoruka. Mayai na tunutu (nzi wachanga wasioruka) waliong'ang'ania chini ya majani wamebaki, na kukiwa na joto yai huwa nzi kamili kwa takriban wiki 3. Kwa hiyo rudia kila siku 5 hadi 7, kwa mwezi mzima. Tumia sabuni maalumu ya kuulia wadudu, mililita 20 kwa lita 1 ya maji (ya unga ya kufulia huunguza majani). Lowanisha upande wa chini wa kila jani, maana sabuni humuua mdudu inayemgusa tu. Jaribu jani moja kwanza. Majani mekundu ya juu yakishafunguka, yaepuke; hupata madoa yasiyotoka. Karatasi za njano zenye gundi ni za kukagulia, hazimalizi tatizo.

Ukiona vidoa vya manjano na utando mwembamba, huo ni utitiri, mpenzi wa hewa kavu yenye joto. Sabuni hiyohiyo huuangamiza pia.