Amekariri majibu yote ya sayansi, lakini swali likigeuzwa anakosa

Swali

Mwalimu, asalaam aleikum. Niko Ujiji. Mwanangu yuko darasa la saba na Septemba anafanya mtihani wa taifa. Nilimnunulia kitabu cha mitihani iliyopita ya Sayansi na Teknolojia, amekifanya mpaka anakijua chote. Nikimuuliza humo humo anapata. Lakini mtihani wa majaribio wa shule kaanguka, na maswali nayaona ni yaleyale, yamegeuzwa kidogo tu. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, sayansi ya siku hizi siifahamu. Nimsaidieje? Au niongeze hela ya tuisheni?

Jibu

Waaleikum salaam, mama. Hela ya kitabu hujaipoteza. Kitabu kitamfaa, ila mtoto ameshika herufi, swali lenyewe hajalishika. Niliwahi kukaa na mwanafunzi wangu mmoja nikamsomea swali la wenzo. Sijafika hata kwenye majibu, akasema, "C." Nikabadilisha mpangilio wa majibu, nikamsomea upya. Akasema tena C. Mtoto yule hakuwa mvivu, alikuwa anakesha na kitabu chake. Alichokuwa anakumbuka ni namna ukurasa ulivyokaa.

Kwa hiyo usimuulize tena jibu ni lipi. Muulize kwa nini. Akisema ni B, mwambie: "Haya, A imekosea wapi? C je? D je?" Yale majibu mengine hayawekwi ovyo. Mtunzi mzuri huyachagua akijua makosa ambayo watoto huyafanya, kwa hiyo kila jibu lisilo sahihi lina mtego wake. Mtoto anayeweza kukueleza kwa nini D si jibu, hata ukimgeuzia swali juu chini hapotei. Na hili unaliweza kabisa, mama, kwa sababu kuuliza "kwa nini" hakuhitaji uwe umesoma sayansi. Maelezo yake yakikatika katikati, mwambie aweke alama pale, arudi kwenye kitabu cha darasani au amuulize mwalimu wake kesho. Maswali matano kwa siku yanatosha.

Tuchukue swali moja tulitazame vizuri. "Mbegu huhitaji vitu vifuatavyo ili iote, isipokuwa: A. maji, B. hewa, C. mwanga, D. joto." Jibu ni C. Wapo wanaokosa kwa sababu hawakuliona neno "isipokuwa": wameona maji, wameweka kivuli kwenye A, wameenda zao. Hao dawa yao ni penseli. Apigie mstari maneno kama "isipokuwa" na "siyo" kabla macho hayajashuka kwenye majibu. Lakini wapo walioliona neno na bado wakakosa, kwa kuwa wanaamini mbegu haioti bila jua. Wanajua mmea unahitaji mwanga, wakachanganya kuota na kutengeneza chakula.

Kosa hili la pili haliondoki kwa kukariri. Chukua maharage, ambayo kwetu Kigoma hayakosekani, na makopo manne. Kopo la kwanza weka pamba iliyolowa, maharage juu yake, liache karibu na dirisha. La pili lifanane nalo, ila pamba iwe kavu. La tatu zamisha maharage kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha mimina mafuta ya kula taratibu mpaka yafunike uso wa maji. La nne lifanane na la kwanza kwa kila kitu, ila likae kabatini gizani. Mtoto aandike kwenye daftari anachokiona kila siku, kwa muda wa wiki moja. Ahakikishe pamba ya la kwanza na la nne haikauki.

Maharage ya kopo la kwanza na la nne yataota, ya la pili na la tatu hayataota. Sasa kaa naye umuulize. Haya ya kabatini yameota bila mwanga, chakula yamekipata wapi? Kilihifadhiwa ndani ya mbegu. Mbona yamekuwa marefu, membamba, yamepauka? Kwa sababu hakuna mwanga wa kuyafanya yawe ya kijani na yaanze kujitengenezea chakula. Hapo mtoto amefika kwenye usanisinuru kwa miguu yake mwenyewe. Endelea: maji ya kopo la tatu tuliyachemshia nini? Kuondoa hewa iliyoyeyuka ndani yake. Na mafuta? Kuzuia hewa nyingine isiingie. Na kwa nini la nne lilifanana na la kwanza kila kitu isipokuwa mwanga? Kwa sababu ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, hutajua ni kipi kilicholeta tofauti. Maswali ya majaribio kwenye mtihani yanazunguka humo humo, hata kama kwenye mchoro wameweka mahindi badala ya maharage.

Ziwa nalo lina somo zima. Mnyororo wa chakula wa Tanganyika mtoto wa Ujiji anauona jikoni: mimea midogo sana ya majini, vijidudu vinavyoila, dagaa, mgebuka, mtu. Mwambie auchore, halafu tazama mishale. Watoto wengi huchora mshale ukitoka kwa mgebuka kwenda kwa dagaa, kwa kuwa mgebuka ndiye anayemfukuza dagaa. Mshale unaonyesha nishati inakokwenda, kwa hiyo unatoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula. Akishauweka sawa, mgeuzie: migebuka wakivuliwa wote, dagaa itakuwaje? Kwa kuanzia wataongezeka, maana mlaji wao hayupo. Na vile vijidudu? Vitapungua, maana walaji wamezidi. Akikutana na nyasi, panzi, chura na nyoka kwenye mtihani, atalitambua swali lake.

Kuna na Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, na kabla ya kuizamisha wakazipaka mashine zake grisi. Ilipoibuliwa mwaka 1924, miaka minane baadaye, mashine zile zilikuwa bado zinafaa. Muulize grisi ilizuia nini. Chuma kinashika kutu kikikutana na maji pamoja na oksijeni, na grisi inavizuia vyote viwili visikifikie. Mtoto aliyeelewa hapo, swali la msumari uliopakwa rangi halimsumbui.

Kwenye maswali ya kuandika majibu, alama nyingi zinapotea kwa kutosoma kitenzi. "Taja" inataka jina tu, asiandike insha. "Eleza kwa nini" inataka sababu, basi sentensi yake iwe na "kwa sababu". "Tofautisha" ndiyo inayowasumbua zaidi. Mtoto anaandika, "Popo huruka usiku, ndege ana manyoya." Sentensi zote mbili zina ukweli, ila hajatofautisha chochote, kwa kuwa kila upande unazungumzia jambo lake. Jambo liwe moja pande zote: popo huzaa, ndege hutaga mayai. Mzoeze kwa vitu vya nyumbani, asubuhi mkinywa chai: tofautisha sufuria na chungu, tofautisha mkaa na kuni. Atazoea haraka.

Kuhusu tuisheni, kabla hujatoa hela nenda siku moja ukasikilize karibu na dirisha la darasa lao, robo saa inatosha. Ukikuta mwalimu anasoma swali, anataja herufi, watoto wanaweka vema na kwenda linalofuata, hicho ni kile kile ulichonacho nyumbani ndani ya kitabu. Ukisikia mtoto anaulizwa kwa nini, na mwalimu ananyamaza akimngoja ajibu, lipa.