Kampuni Imesajiliwa, Wafanyakazi Je?

SWALI: Mimi ni Mkenya ninayeishi Brooklyn Park, Minnesota. Mwaka 2023 nilisajili kampuni ya LLC (inayotenganisha madeni yake na mali ya mmiliki) ya kusafisha ofisi, nikalipa dola 155 na kudhani nimemaliza. Sasa benki inaniambia kuwa kampuni hiyo imefutwa katika rejista ya jimbo. Aidha, kina mama watatu wanaofanya kazi nami nimekuwa nikiwalipa kwa saa bila kukata kodi, kisha ninawapa fomu 1099 (ya kodi, inayotolewa kwa mkandarasi na si mwajiriwa) kama wafanyavyo wengi ninaowafahamu, ingawa zamu ninapanga mimi na mashine na sabuni ni zangu. Nianzie wapi kurekebisha?

JIBU: Ndugu msomaji, la kampuni ni jepesi. Dola 155 zilianzisha LLC yako, lakini kila mwaka unaofuata ule wa usajili, kabla ya tarehe 31 Desemba kupita, unapaswa kuhuisha usajili katika Ofisi ya Katibu wa Jimbo. Huduma hiyo haina malipo, ila asiyehuisha hufutiwa kampuni. Wasilisha taarifa ya kuhuisha pamoja na ada ya kuirejesha kampuni, kabla hujasaini mkataba mwingine na mteja yeyote.

La wafanyakazi ndilo linalotutia wasiwasi. Fomu 1099 haimfanyi mtu kuwa mkandarasi. Minnesota huangalia ni nani mwenye haki ya kuamua kazi ifanywe vipi, malipo yanatolewa kwa mtindo gani, vifaa ni vya nani, nani anadhibiti mahali pa kazi, na kama mtoa kazi anaweza kumwachisha mtu. Kwa maelezo yako mwenyewe, kina mama hao ni waajiriwa, na kwa kuwaita vinginevyo umewaachia kodi ya Social Security (mfumo wa pensheni ya serikali) yote, ya mwajiri na ya mwajiriwa, huku wakikosa fidia endapo watateleza kwenye ngazi usiku. Tangu tarehe 1 Julai 2024, adhabu ya kosa hili inaweza kufikia dola 10,000 kwa kila ukiukaji, na mmiliki anayelifanya kwa kujua au kwa kurudia anaweza kuwajibishwa yeye binafsi, hata kama ana LLC.

Jisajili kama mwajiri katika Idara ya Mapato ya Minnesota ili ukate kodi ya mishahara, na katika mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira. Kuna pia mfuko wa likizo ya malipo ulioanza tarehe 1 Januari 2026, ambao mchango wake wa kawaida kwa mwaka 2026 ni asilimia 0.88 ya mshahara, na mwajiri hubeba angalau nusu, ingawa mwajiri mdogo anaweza kustahili kiwango cha chini zaidi. Kwa kila anayeajiriwa, mwajiri hujaza fomu I-9 (ya kuthibitisha kuwa ana ruhusa ya kufanya kazi Marekani) ndani ya siku 3 za kazi tangu aanze, na jimbo huarifiwa ndani ya siku 20. Kwa kila saa 30 za kazi, mfanyakazi hupata saa 1 ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, hadi saa 48 kwa mwaka.

Usiliruke sharti la waraka wa ajira. Tangu Julai 2019, mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi anayeanza kazi maandishi yanayoeleza kiwango cha mshahara, siku ya malipo, makato na jina halali la mwajiri, naye ayasaini. Waraka huwa wa Kiingereza, lakini mfanyakazi ana haki ya kuomba apewe kwa lugha yake, na akitaka Kiswahili ni wajibu wako kumpa. Kuhusu miaka iliyopita, mpelekee mhasibu fomu zote ulizotoa kabla hujawasilisha marekebisho yoyote ya kodi.

SWALI: Nami niko Minnesota. Nina mfanyakazi mmoja tu, asiye ndugu yangu, wa saa chache kwa wiki. Je, bima ya kuumia kazini inanihusu?

JIBU: Inakuhusu. Sheria ya jimbo haisubiri wafike wawili, wala haiangalii uchache wa saa. Mwajiri asiyekuwa na bima hiyo anaweza kutozwa hadi dola 1,000 kwa kila mfanyakazi kwa kila wiki aliyokaa bila bima, kwa hiyo mpigie wakala wa bima kabla ya zamu ijayo.