Mimea ya asili inakauka kwenye viwanja vya ofisi

SWALI: Nasimamia jengo la ofisi lililokamilika mwaka jana. Kuzunguka maegesho tulipanda miti na vichaka vya asili, tukiambiwa havihitaji kumwagiliwa. Sasa karibu nusu vimekauka, vingine vina majani ya njano. Mwenye jengo anataka ving'olewe, tupande nyasi. Unashauri nini?

JIBU: Kabla ya kung'oa chochote, chunguzeni udongo. Mmea wa asili umezoea udongo wa eneo lake, na huo mara nyingi huwa umeondoka na ujenzi: tabaka la juu lenye rutuba hukwanguliwa, kisha magari mazito hushindilia kilichobaki hadi hewa na maji vikose pa kupita. Nyasi nazo zitataabika humo humo, tena zikidai maji na kukatwa kila mara.

Chimbeni shimo la kina cha sentimita 30, mlijaze maji. Yakishanywea yote, jazeni tena na mpime. Yakishuka kwa kiasi kisichofika sentimita 2.5 kwa saa, udongo unatuamisha maji. Kisha ng'oeni kichaka kimoja kilichokufa, mkioshe mizizi. Mizizi myeusi, laini na yenye harufu mbaya imeozeshwa na maji. Ikiwa bado imejizungusha kwa umbo la mfuko wa kitalu, haikuwahi kutoka shimoni. Msiruke hatua hii, maana majani ya njano humfanya mtunza bustani aongeze maji hata pale yanapoua.

Tifueni eneo lote lililopandwa, si mashimo tu. Shimo laini katikati ya udongo mgumu hugeuka ndoo. Kina cha sentimita 30 hadi 45 kinatosha kwa vichaka, udongo ukiwa na unyevu kidogo lakini haujalowa. Changanyeni mboji. Karibu na mimea iliyo hai tumieni uma wa mkono, msikate mizizi. Tandazeni matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Mbolea kali za viwandani acheni.

Hilo la kutomwagilia mlidanganywa. Mwaka wa kwanza, hata wa pili, mmea mchanga unahitaji maji: mengi kwa mara moja, kisha udongo uachwe ukauke kiasi.

Mkirudishia, chagueni miche midogo, hushika mizizi upesi kuliko mikubwa. Kando ya lami wekeni spishi za mahali penye mawe na jua kali. Maji ya maegesho yanapokusanyika, zile za mabondeni. Na mkataba wa matunzo useme wazi kwamba vichaka havikatwi kwa mashine kuwa maboksi, kwani maua na mbegu zinazolisha nyuki na ndege hupotea hapo.